UMESHUSHWA CHEO KAZINI? SOMA HAPA KABLA HUJASAINI

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Kuna jambo linawakuta watu wengi na halipati ukurasa wa mbele wa gazeti lolote, nalo ni hili la mtu kushushwa cheo kazini.

Ukifukuzwa kazi kila mtu anajua. Mtaa mzima unakupa pole, na hakosi mmoja wa kukuambia nenda CMA. Ila ukishushwa cheo hakuna anayekupa pole. Unaamka asubuhi kama kawa, unapanda daladala ile ile, unaingia geti lile lile, lakini kiti chako kakaa mtu mwingine na mwisho wa mwezi mshahara umepungua. Ukilalamika unaambiwa shukuru Mungu una kazi.

Niseme mapema, mimi si mwanasheria. Nimeishia kidato cha sita. Ila nimekaa na sheria zenyewe, nimezisoma na kamusi pembeni, na hapa nawaelezea kwa lugha yetu ya kawaida. Kesi yako ikiwa nzito mtafute wakili au chama chako cha wafanyakazi.

Kilichonisukuma kuandika ni jirani yangu hapa Temeke. Amefanya kazi miaka 8 kwenye kampuni moja binafsi, msimamizi wa ghala, mshahara wa msingi 900,000. Mzigo ukapotea ghalani. Hakuitwa kwenye kikao chochote. Ijumaa jioni kapewa barua ya mistari minne: kuanzia Jumatatu wewe ni karani wa getini, mshahara 600,000, saini hapa. Akasaini. Akaja kuniuliza kama bado ana cha kufanya. Tutamtumia kama mfano huko chini, maana kisa chake kina karibu kila kitu.

KUSHUSHWA CHEO NI KITU GANI HASA

Watu wengi wanadhani ni mpaka barua iandikwe "umeshushwa cheo". Hapana. Bosi mjanja haandiki hivyo. Ataandika "mabadiliko ya majukumu", au "uhamisho wa ndani", au "kuboresha muundo wa idara". Usiangalie jina, angalia mambo haya:

1. Mshahara au marupurupu yamepungua?
2. Majukumu uliyoajiriwa kufanya umenyang'anywa ukapewa ya ngazi ya chini?
3. Waliokuwa chini yako sasa wako juu yako?

Likitokea mojawapo, hapo kuna jambo la kuhoji. Hata kama mshahara umebaki pale pale, mhasibu aliyepelekwa kufungua geti ameshushwa.

Lakini tusichanganye mambo. Mtu aliyekuwa ANAKAIMU nafasi, halafu mwenye nafasi akapatikana na yeye akarudi kwenye cheo chake cha awali, huyo hajashushwa. Alikuwa kaazimwa kiti. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni hili: cheo ninachokilalamikia nilipewa kwa barua ya kuthibitishwa, au nilikuwa nakaimu? Wengi kesi zao zinafia hapo.

SHERIA INASEMAJE

Kwa sekta binafsi Tanzania Bara, sheria kubwa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Pamoja nayo kuna kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Namba 42. Sheria hii imerekebishwa mara kadhaa, mara mojawapo ikiwa mwaka 2025, kwa hiyo ukinunua nakala hakikisha ni mpya.

Ukitafuta sura inayoitwa "kushushwa cheo" hutaipata. Ndiyo maana mabosi wengi wanadhani hapo hapana sheria. Lakini ukikusanya vipande unapata ulinzi wa maana kabisa.

KIPANDE CHA KWANZA ni kifungu cha 15 cha sheria hiyo ya 2004. Kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako: kazi yako ni ipi, unafanyia wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani na unakokotolewaje, na stahili nyingine. Halafu kinasema, jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri ayarekebishe maandishi hayo KWA KUSHAURIANA na mfanyakazi, na amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Rudia hilo neno kushauriana. Barua ya Ijumaa jioni inayoanza kufanya kazi Jumatatu haijashauriana na mtu. Hiyo ni amri. Na mkataba wa ajira ni mkataba kama mkataba mwingine: mliuweka wawili, mmoja hawezi kuubadilisha peke yake kama vile anabadilisha pazia la ofisi.

Kifungu hicho kina zawadi nyingine. Mkifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au hayo maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira yalikuwaje unakuwa wake. Kwa hiyo wewe ambaye hujawahi kupewa mkataba usikate tamaa.

KIPANDE CHA PILI ni ubaguzi. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini kwa sababu za kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri, maoni ya kisiasa na nyinginezo. Na hapo kushushwa cheo kumetajwa kwa jina, pamoja na kupandishwa na kuhamishwa. Ukionyesha dalili za kutosha kwamba ulishushwa kwa sababu ya mojawapo ya hayo, mwajiri ndiye atatakiwa ajisafishe.

KIPANDE CHA TATU kinawahusu dada zetu. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Sheria inasema mama anarudi kazini kwa masharti YALE YALE aliyoyaacha. Ukirudi ukakuta meza yako ina mtu na wewe unapelekwa "usaidie usaidie mapokezi", hiyo si bahati mbaya. Ni suala la sheria.

KIPANDE CHA NNE ni makato. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara wako kama anavyotaka. Kama ni kufidia hasara, lazima hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akuandikie sababu, kiasi na alivyokipiga hesabu, akupe nafasi ya kupinga, na makato yote kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Sasa rudi kwa jirani yangu. Robo ya 900,000 ni 225,000. Yeye kapunguziwa 300,000, kila mwezi, bila mwisho, na wala hajaambiwa mzigo uliopotea ulikuwa na thamani gani. Hata wakisema wanafidia hasara, hesabu inawakataa. Na wakisema hawafidii hasara bali wamemshusha, basi warudi kifungu cha 15 waeleze walishauriana naye lini.

SABABU TATU WANAZOPENDA KUTOA

Ya kwanza ni KOSA. Umechelewa, umepoteza mali, umemjibu bosi vibaya. Kanuni za 2007 zimeeleza utaratibu wa kusikiliza kosa linaloweza kumfukuzisha mtu: uchunguzi ufanyike, upewe tuhuma kwa lugha unayoielewa, upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, uingie na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, uulize mashahidi wao na ulete wako, na mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika kwenye tukio. Najua bosi atasema "mimi sikufukuzi, nakushusha tu". Jibu lake ni rahisi. Kama kosa ni kubwa kiasi cha kumnyang'anya mtu theluthi ya mshahara, ni kubwa kiasi cha kumsikiliza kwanza. Dai utaratibu huo kwa maandishi. Tena angalia kanuni za nidhamu za kampuni yako: kama hazitaji kushushwa cheo kama adhabu, uliza adhabu hiyo wameitoa wapi.

Ya pili ni UWEZO MDOGO. "Nafasi imekushinda." Inawezekana kweli, tusidanganyane. Lakini kanuni zinataka mwajiri achunguze kwa nini unashindwa, akuelekeze, akupe mafunzo panapohitajika, na akupe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Mtu ambaye hajawahi kupewa hata barua moja ya onyo hawezi kuamka Jumatatu amekuwa hafai.

Ya tatu ni HALI YA KAMPUNI. Biashara mbaya, idara zinaunganishwa. Hapa sheria inataka mwajiri anayefikiria kupunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ashauriane, na zitafutwe njia za kuepuka kupunguza. Nafasi ya chini inaweza kuwa mojawapo ya njia hizo, na kuna wakati ni ya busara kuikubali kuliko kukaa nyumbani. Lakini iwe ofa, siyo amri. Upewe muda wa kuifikiria, ujue mshahara mpya, ujue ukiikataa utapewa nini.

HASARA AMBAYO HUIONI LEO

Wengi wanaangalia mshahara wa mwezi tu. Jamani, kuna mambo mawili mengine.

La kwanza NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa 900,000 ilikuwa inaingia 180,000 kila mwezi, kwa 600,000 inaingia 120,000. Shilingi 60,000 kila mwezi zinatoka kwenye uzee wako.

La pili kiinua mgongo. Sheria inatoa angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10, kwa anayestahili. Jirani yangu ana miaka 8, yaani siku 56. Ajira yake ikikoma kesho, siku hizo zinaweza kupigwa kwa mshahara wa karani wa getini na siyo wa msimamizi wa ghala. Miaka 8 ya usimamizi inalipwa kwa bei ya geti! Ndiyo maana ukiona kampuni inashusha watu wa zamani kwanza halafu miezi michache baadaye inapunguza wafanyakazi, fungua macho.

SASA UFANYE NINI

Moja. USISAINI KWAMBA UMEKUBALI. Ukibanwa usaini, andika kwa mkono wako: "Nimepokea, sikubaliani na yaliyomo", weka tarehe na jina. Kupokea barua na kukubali barua ni vitu viwili. Omba nakala, wakikunyima piga picha kwa simu.

Mbili. USISUSE KAZI. Hili ndilo kosa linalowamaliza wengi. Mtu anakasirika anakaa nyumbani wiki mbili. Miongozo ya nidhamu inahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu ya msingi kwa zaidi ya siku tano za kazi kama kosa linaloweza kukufukuzisha. Hapo umempa bosi kamba yeye mwenyewe alikuwa hana. Nenda kazini, fanya kazi, lakini pingamizi lako liwe kwenye karatasi.

Tatu. ANDIKA BARUA NDANI YA SIKU CHACHE. Ukinyamaza miezi mitatu unapokea mshahara mpya, watasema ulikubali kwa vitendo. Barua haihitaji Kiingereza kigumu. Mfano:

"Yah: Kupinga mabadiliko ya cheo na mshahara. Rejea barua yako ya tarehe fulani. Niliajiriwa kama msimamizi wa ghala kwa mshahara wa shilingi 900,000. Sikushirikishwa wala kusikilizwa kabla ya uamuzi huu, na sikubaliani nao. Naendelea kufanya kazi huku nikipinga mabadiliko haya, na kuendelea kwangu kusichukuliwe kuwa nimeyakubali. Naomba tukutane ili tushauriane, na naomba nirudishiwe cheo na mshahara wangu wakati suala hili likijadiliwa."

Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

Nne. KUSANYA USHAHIDI. Barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa, hati za mshahara za kabla na baada, tathmini zako za utendaji, hata ujumbe wa WhatsApp bosi alipokupongeza. Viweke nyumbani, siyo kwenye droo ya ofisi.

Tano. CHAMA. Kama uko TUICO, CHODAWU au chama kingine, nenda kwa viongozi wa tawi. Unakatwa ada kila mwezi, itumie. Pia uliza kama kuna mkataba wa hali bora kazini kwenu, maana unaweza kuwa na kipengele kinachohusu vyeo.

Sita. CMA. Hii ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huduma yake haina ada. Unajaza fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala, unarudisha Tume na uthibitisho kwamba kapokea. Angalizo: fomu ile ina sehemu ya pili ambayo ni ya walioachishwa kazi TU. Wewe bado uko kazini, usiijaze. Eleza kwamba ni mgogoro wa kubadilishiwa masharti ya mkataba, na taja unachotaka: kurudishiwa cheo, kulipwa tofauti ya mshahara, au vyote.

Kwanza mnakaa na msuluhishi, ana siku 30. Mkikubaliana mnasaini na mambo yameisha. Mkishindwana suala linakwenda kwa mwamuzi, ambaye anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

SIKU 60 NA SIKU 30, USIZICHANGANYE

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kushushwa cheo kukiwemo, ni ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Barua ikiwa ya tarehe 3 Machi, siku ya 60 ni tarehe 2 Mei. Usisubiri bosi arudi safari, usisubiri "tutalitazama baada ya Pasaka". Ukichelewa inabidi uombe kwanza kusamehewa kuchelewa na utoe sababu za maana, na "nilikuwa naahidiwa" mara nyingi haitoshi.

Je, ukiamua kuacha kazi kwa sababu umedhalilishwa? Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya mazingira kuwa hayavumiliki mpaka mfanyakazi akaacha, huko kuacha kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa. Lakini wewe ndiye utakayethibitisha kwamba hayakuvumilika, na kanuni zinataka uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, isipokuwa una sababu nzuri ya kutozitumia. Na hapo saa inabadilika, zinakuwa siku 30. Pia ulinzi huu wa kuachishwa isivyo halali haumhusu mwenye chini ya miezi 6 kazini kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi usiiandike usiku ukiwa na hasira.

WATUMISHI WA UMMA NA NDUGU ZETU WA ZANZIBAR

Serikalini mambo ni tofauti. Huko kushushwa cheo ni adhabu inayotambuliwa rasmi chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na kanuni zake. Lakini haitolewi kienyeji. Kuna hati ya mashtaka, kuna kujitetea, kuna uchunguzi. Usiporidhika unakata rufaa kwenye ngazi zilizopo, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, na ngazi ya mwisho ni Rais. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize njia hizo kwanza kabla ya kukimbilia njia za sheria za kazi. Ukianzia CMA utarudishwa, na siku zako za rufaa zitakuwa zinayoyoma.

Zanzibar nao wana sheria yao, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Kwa hiyo siku na fomu nilizozitaja hapa ni za Bara.

MASWALI NINAYOULIZWA SANA

"Nimeshasaini, nimekwisha?" Hapana. Andika leo barua ya kueleza kwamba ulisaini bila kupewa nafasi ya kufikiri na hukubaliani. Kazi yako itakuwa ngumu zaidi, lakini mlango haujafungwa kama siku 60 hazijapita. Hilo ndilo nililomwambia jirani yangu, naye barua kaipeleka.

"Mkataba wangu unasema mwajiri anaweza kunipangia kazi nyingine." Kipengele hicho kinampa nafasi ya kukuhamisha kazi kwa nia njema. Hakijaandika kwamba anaweza kukushusha mshahara.

"Nikilalamika si watanifukuza?" Wanaweza kujaribu. Ila mwajiri anayefukuza lazima athibitishe ana sababu halali na amefuata utaratibu. Barua yako ya malalamiko yenye muhuri wa tarehe ya kabla ya kufukuzwa itakuwa shahidi wako mkubwa.

Wadau, cheo ni dhamana, tunalijua hilo, na kuna watu kweli wanastahili kushuka. Lakini hata anayestahili anastahili kusikilizwa kwanza. Wenye uzoefu wa CMA, na wanasheria mnaopita humu, ongezeni pale chini kwenye maoni. Usitaje jina la kampuni wala la mtu, eleza tu ilikuwaje na iliishaje. Kuna mtu ataisoma Ijumaa jioni akiwa ameshika kalamu.

Naomba kuwasilisha.